Swichi Iliyozimwa na Barua Iliyofungua Mlango

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, tuzungumze historia kidogo. Najua wengi wenu huja hapa kutafuta msimbo na mbinu za hifadhidata. Lakini tangu Oktoba 2025, Rais alipotia saini ile sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, maswali ninayopata kutoka kwa wenzangu wa fani hii yamebadilika. Zamani waliniuliza, "Kitu hiki kinatengenezwaje?" Siku hizi wananiuliza, "Je, kinaruhusiwa?"

Swali hilo si geni. Katika robo karne iliyopita limeulizwa Kenya mara nyingi, na visa vitatu kati ya hivyo vinatosha kutufundisha jambo. Mara ya kwanza serikali ilijibu kwa kufunga. Mara ya pili ilijibu kwa barua. Mara ya tatu ilitoa onyo, kisha ikanyamaza miaka kumi. Na kila mara matokeo yalitegemea jambo moja ambalo wanasheria na waandishi wa programu hulifanya kila siku: kukipa kitu jina.

Tuanze na mwaka 2000. Sheria iliyotawala wakati huo ilikuwa ile ya Mawasiliano ya mwaka 1998. Ndiyo iliyolivunja lile Shirika la Posta na Simu mwaka 1999 na kuzaa watoto watatu: Posta, Telkom Kenya, na msimamizi wao, Tume ya Mawasiliano ya Kenya (CCK), ambayo leo tunaijua kama Mamlaka ya Mawasiliano. Telkom, ambayo ilikuwa mali ya serikali, ilipewa ukiritimba wa miaka mitano, mpaka 2004. Sehemu nono ya ukiritimba huo ilikuwa mawasiliano ya kimataifa. Data iliyotoka nchini au kuingia ilipaswa kupitia kwake. Hoja ilikuwa kwamba shirika hilo lipate nafasi ya kujipanga kabla ya kutupwa katika soko la ushindani.

Sasa tazameni hali ya mitambo wakati huo. Kebo za baharini zilifika pwani yetu mwaka 2009 tu, ilipokuja TEAMS na SEACOM. Kabla ya hapo mawasiliano yetu ya intaneti na ng'ambo yalipita kwenye setilaiti, na setilaiti za aina hiyo hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Nairobi kulikuwa na kampuni kadhaa za kuuza huduma ya intaneti, lakini hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kila moja ilikuwa na njia yake ya kwenda Ulaya au Marekani, na huko ndiko zilikokutana.

Maana yake ni hii. Mtu wa Westlands akimwandikia barua pepe mtu wa Upper Hill aliye na kampuni nyingine, ujumbe ulipanda kilomita 36,000, ukashuka 36,000 ng'ambo, ukavuka huko kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kisha ukapanda na kushuka tena mpaka Nairobi. Hesabu ni rahisi: kilomita 144,000 kwenda tu. Hata kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, hiyo ni karibu nusu sekunde. Jibu likirudi, sekunde nzima imekwisha, na hapo bado hatujahesabu foleni kwenye ruta. Anayeandika programu anajua kwamba ukurasa mmoja huhitaji safari nyingi za namna hiyo. Na kila biti iliyopita kule ililipiwa kwa dola, ingawa mwandikaji na mwandikiwa wangeweza kukutana kwa chai baada ya safari fupi ya matatu.

Dawa yake ilijulikana duniani kote: weka swichi moja mahali pamoja, kila kampuni ilete waya wake, na barua za Nairobi zibaki Nairobi. Chama cha kampuni za huduma hizi, TESPOK, kilifanya hivyo mwishoni mwa Novemba 2000. Kituo kikaitwa KIXP. Hapakuwa na kitu cha namna hiyo kati ya Cairo na Johannesburg.

Hakikudumu hata mwezi. Telkom ililalamika kwa CCK kwamba kituo hicho kinavunja ukiritimba wake wa mawasiliano ya kimataifa. Kwa muda wa wiki mbili hivi Tume ilikuwa imeamua: KIXP inahitaji leseni, haina leseni, kwa hiyo ni mtambo usio halali, izimwe. Desemba 2000 ikazimwa. Ujumbe wa Westlands ukarudi angani.

Soma tena lalamiko lile. Swichi ambayo kazi yake yote ilikuwa kuzuia data ya Kenya isitoke Kenya ilishtakiwa kwa kuingilia mawasiliano ya kimataifa! Kimantiki jambo hili linachekesha, ila kibiashara lilikuwa na maana kamili. Ikiwa unauza njia ya kwenda ng'ambo, kila barua inayobaki nyumbani ni shilingi iliyokupita. Telkom haikuwa imechanganyikiwa kuhusu swichi inafanya nini. Ilielewa vizuri sana.

Tatizo lilikuwa kwa msimamizi. Sheria ya 1998 iliandikwa na watu waliofikiria mtandao wa simu, ambao kila kifaa chake kilikuwa na jina: laini, ubadilishanaji, lango la kimataifa, na kila jina na leseni yake. Kituo cha kuunganisha watoa huduma wa intaneti hakikuwa kwenye orodha. Kitu kisichokuwa kwenye orodha kikiletwa mezani, afisa ana njia mbili: aulize kinafanya nini, au atafute jina lililo karibu na kukibandika. Mwaka 2000 alichukua njia ya pili.

TESPOK haikukata tamaa. Ilieleza na kueleza kwamba wanachama wanabadilishana data yao wenyewe ya ndani, kwamba hakuna lango la kimataifa hapo, kwamba hakuna simu inayouzwa. Ilichukua karibu mwaka mzima. Novemba 2001 CCK ikakubali kutoa leseni, na Februari 2002 swichi ikawashwa tena, safari hii kwa karatasi. Mitambo haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni jina lake kwenye faili.

Mwaka mmoja si mwingi kwenye kitabu cha historia. Lakini ulilipiwa kwa dola kila siku na wateja ambao hawakujua kwamba kuna kesi inayowahusu. Na faida iliyokuwa ikisubiri nyuma ya mlango ule tumekuja kuiona baadaye. Internet Society katika ripoti yake ya mwaka 2020 ilieleza kwamba sehemu ya data ya Kenya inayopatikana humu humu nchini ilipanda kutoka asilimia 30 mwaka 2012 mpaka asilimia 70, na kwamba kubadilishana data nyumbani kunaokoa dola milioni 6 hivi kwa mwaka. Yote hayo yanasimama juu ya wazo la swichi iliyozimwa Desemba 2000.

Tuingie kisa cha pili. Huyu mnamjua: M-Pesa. Ilianza kama wazo la watu wa Vodafone, Nick Hughes na Susie Lonie, likisaidiwa na fedha za mfuko wa serikali ya Uingereza. Majaribio ya mwaka 2005 yalihusu kulipa mikopo midogo kupitia simu. Watu wa majaribio wakaanza kuutumia mfumo kwa mambo yao, wakitumiana pesa wao kwa wao. Machi 2007 Safaricom ikaufungua kwa umma kama huduma ya kutuma pesa.

Hapa nako orodha haikuwa na jina. Kampuni ya simu inapokea pesa taslimu kutoka kwa mwananchi, inamwandikia salio, na mwananchi mwingine kule Kisii anakwenda kwa wakala kuzitoa. Je, hiyo si benki? Kama ni benki, inahitaji leseni ya benki na mtaji wa benki, na kila wakala mwenye duka la unga na sabuni anageuka tawi la benki. Hapo huduma ingekufa kabla ya kuzaliwa.

Benki Kuu ingeweza kufanya kama CCK ya mwaka 2000, yaani itafute jina la karibu na kulibandika. Badala yake iliuliza kitu kinafanya nini. Sheria ya Benki inasema biashara ya benki ni mambo mawili kwa pamoja: kupokea fedha za umma, na kuzitumia fedha hizo kwa kukopesha au kuwekeza kwa hatari ya mwenye kuzitumia. Safaricom ilipokea, lakini je, ilizitumia? Jibu likajengwa ndani ya mfumo wenyewe. Kila shilingi ya salio kwenye simu iliwekewa shilingi halisi katika akaunti ya benki, chini ya wadhamini, si chini ya Safaricom. Safaricom haikuweza kuikopesha wala kulipia mishahara kwa hiyo. Kiwango nacho kikawekwa: shilingi 35,000 kwa muamala mmoja, na 50,000 kwenye akaunti.

Kwa misingi hiyo, Februari 2007 Benki Kuu ikaandika barua. Haikuwa leseni, na Bunge halikupitisha chochote. Ilikuwa barua ya kusema kwamba Benki Kuu haina pingamizi, kwa masharti, na kwamba inatazama.

Jambo la kuzingatia ni kwamba barua haikumaliza mzozo. Kabla ya mwaka wa kwanza kuisha huduma ilikuwa na wateja zaidi ya milioni moja. Mapema 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, watu waliokwama walitumiwa pesa na salio kwa simu. Benki zikaanza kuona kwamba mchezo si mdogo. Desemba 2008 John Michuki, aliyekuwa akikaimu Wizara ya Fedha, alitilia shaka hadharani usalama wa huduma hiyo na kuagiza ichunguzwe. Januari 2009 majibu yakatangazwa magazetini: si biashara ya benki, na fedha za wateja ziko salama. Sheria yenyewe, ile ya Mfumo wa Taifa wa Malipo, ilikuja mwaka 2011, na kanuni zake mwaka 2014. Yaani huduma iliishi miaka minne bila sheria yake na saba bila kanuni zake.

Kisa hiki husimuliwa sana kwenye mikutano ya teknolojia, na kwa kawaida husimuliwa hivi: serikali ilikaa kando, ubunifu ukastawi. Mimi sikubali. Serikali haikukaa kando. Iliuliza swali gumu, ikadai mfumo ujengwe kwa namna fulani, ikaweka kiwango, ikachunguza tena ilipolalamikiwa. Kilichokuwa tofauti na mwaka 2000 ni kwamba masharti yalifuata tabia ya kitu, hayakufuata jina lake.

Lakini kuna upande ambao wasimuliaji hao huuacha, na huo ndio unaotuhusu sisi wadogo. Barua ni kitu cha hiari. Anayeandikiwa ni yule anayeweza kufika ofisini na kusikilizwa. Mwaka 2007 Safaricom ilikuwa kampuni kubwa ya simu, serikali ikiwa na hisa nyingi ndani yake, na Vodafone ikiwa mbia. Mlango ulipobishwa, ulifunguliwa. Je, akibisha mtu wa kawaida?

Kisa cha tatu kinajibu. BitPesa ilianzishwa Nairobi mwaka 2013. Wazo lilikuwa kutumia bitcoin kama njia ya kusafirisha pesa kutoka nchi hadi nchi kwa gharama ndogo, na mpokeaji azipate kwenye simu yake kama pesa za kawaida. Kuunganishwa na M-Pesa kulipitia kampuni nyingine, Lipisha. Mwaka 2015 Safaricom ikasitisha huduma hiyo, ikitoa sababu kwamba biashara hiyo haikuwa na idhini ya Benki Kuu. Kampuni hizo zikaenda Mahakama Kuu. Desemba 2015 mahakama ikakataa kutoa amri ya muda ya kuwarudishia huduma. Mwezi huo huo Benki Kuu ikautahadharisha umma: sarafu hizi si fedha halali Kenya, hazisimamiwi na yeyote, na ukipoteza utajua mwenyewe.

Tahadhari hiyo haikuwa ya uongo. Watu wamepoteza, tena sana. Lakini tofautisha kati ya kuonya na kujibu. Ukimwambia mtu hana idhini, lazima pawe na dirisha la kuombea idhini, na dirisha halikuwepo. Serikali haikuzima swichi kama mwaka 2000, wala haikuandika barua kama mwaka 2007. Mwaka 2018 iliundwa kamati ya kitaifa ya teknolojia za blokucheni na akili bandia, chini ya Dkt. Bitange Ndemo, ikatoa ripoti 2019. Mwaka 2023 ikaja kodi ya asilimia 3 juu ya mali za kidijitali, kabla ya sheria yoyote ya kuzisimamia. Yaani mtoza ushuru alikuwa ameshalijua jina la kitu hicho, ilhali msimamizi bado alikuwa anakitazama kwa mbali. Kodi hiyo iliondolewa 2025, pakawekwa ushuru kwenye ada za huduma.

Mtu atasema: basi ukimya ni bora kuliko kuzimwa. Hapana, na ushahidi ni mikopo ya simu. Programu za kukopesha zilienea kuanzia katikati ya muongo ule, na kwa miaka kadhaa wakopeshaji wasiopokea akiba za umma hawakuwa chini ya Benki Kuu. Sababu ni ile ile tuliyoiona: hawapokei fedha za umma, kwa hiyo si benki. Ufafanuzi uliowasaidia wateja wa M-Pesa uliwaacha wadaiwa hawa uchi. Baadhi ya programu zilisoma orodha nzima ya majina kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa siku mbili, mama mkwe anapigiwa simu, bosi anatumiwa ujumbe. Kuna mtu aliyeandika sehemu hiyo ya programu, akaijaribu, ikafanya kazi. Bunge lilirekebisha sheria mwishoni mwa 2021, kanuni zikatoka Machi 2022, na kufikia Septemba mwaka huo, kati ya waombaji 288 walikuwa wamepewa leseni 10 tu.

Na hata sheria ikiwapo haitoshi ikiwa hakuna wa kuuliza swali kabla ya foleni kuanza. Sheria ya Kulinda Data tunayo tangu Novemba 2019. Julai 2023 watu walijipanga KICC kupigwa picha ya mboni za macho na Worldcoin ili wapewe tokeni zilizouzika kwa shilingi 7,000 hivi. Serikali ilisimamisha zoezi Agosti, watu zaidi ya 350,000 wakiwa wameshaandikishwa. Mahakama Kuu iliamuru Mei 2025 kwamba data hizo za kibayometriki zifutwe. Karibu miaka miwili baadaye.

Sasa tumefika Oktoba 2025. Sheria mpya ya mali za kidijitali, iliyoanza kutumika Novemba, inagawa kazi kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kwa jumla, yanayofanana na malipo na utunzaji yanaelekea kwa ya kwanza, na yanayofanana na soko la kuuza na kununua yanaelekea kwa ya pili. Nafurahi kwamba dirisha lipo hatimaye. Hofu yangu ni ile ya mwaka 2000. Kitu kipya kikitokea kesho, ambacho asubuhi ni malipo na jioni ni soko, ofisi mbili zitavutana kuhusu jina lake, na aliyekitengeneza atakaa nje akisubiri huku kodi ya nyumba ikimwishia akiba.

Kuna njia ya kati, na tayari tunayo mfano wake. Tangu 2019 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ina uwanja wa majaribio: unaomba, masharti yameandikwa, muda unajulikana, na unaruhusiwa kujaribu kwa wateja wachache ukitazamwa. Kwa maoni yangu huo ni ile barua ya 2007 iliyotolewa mfukoni mwa afisa na kuwekwa ubaoni kila mtu aisome. Kama kanuni za mali za kidijitali zitafuata mtindo huo, kijana mwenye tarakilishi moja Eldoret atabisha mlango ule ule ambao Safaricom ilibisha. Zikianza kwa kudai mtaji mkubwa kabla hata ya kuuliza kitu kinafanya nini, tutabaki na mlango ule wa zamani, na wenye kubisha wakasikilizwa watakuwa wale wale.

Kwa hiyo wenzangu mnaoniuliza kama kitu chenu kinaruhusiwa, mimi si wakili, na wakili mtamhitaji. Lakini kabla ya kumlipa, andikeni ukurasa mmoja kwa lugha ambayo mzazi wenu angeielewa. Pesa ya mteja iko kwa nani katika kila hatua? Nani anaweza kuigusa? Kampuni ikifa usiku huu, mteja anaidai wapi kesho asubuhi? Data yake inasomwa na nani, na ikifutwa inafutika kweli? Waliojenga M-Pesa walikuwa na majibu ya maswali ya pesa kabla ya kuufungulia umma mlango, na majibu hayo yalikuwa ndani ya mfumo, hayakuwa kwenye kipeperushi. Ukiona huwezi kuujaza ukurasa huo, usimlaumu afisa atakayekubandika jina usilolipenda.